Soketi ya Alteneta Iliyokatika au Kuungua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa gereji na wenye magari wa Tabora mjini na wale wanaotoka Urambo, Kaliua, Sikonge hadi Uvinza. Magari yenyewe mengi ni Toyota na Nissan za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, za volti 12, na majibu yameandikwa kwa ajili ya hizo. Kwa lori la volti 24 vipimo ni vingine kabisa, usiyafuate haya.

Taa ya betri inawaka kwenye dashibodi. Fundi anasema alteneta imekufa, ninunue nyingine. Nimkubalie?

Usimkubalie mpaka achomoe soketi ya nyuma ya alteneta (plagi ya nyaya ndogo inayochomekwa kwenye kifaa hicho cha kuchaji betri), muitazame wote wawili. Alteneta hufa kweli: kaboni huisha, daiodi huungua, beringi huanza kulia. Lakini kwenye gari la miaka ishirini na zaidi, plastiki ya soketi imepikwa na joto la injini mpaka imekuwa kama biskuti, na kinachotangulia kukatika ni ule ulimi mdogo unaoizuia isichomoke. Ulimi ukishakatika, kila shimo la barabarani linaisogeza soketi nyuma kidogo, hadi siku pini moja inapoacha kugusa. Mkanda unazunguka, alteneta ni nzima, chaji hakuna.

Kinachofuata kimewakuta wengi. Inanunuliwa alteneta ya mtumba, inafungwa, inachomekewa soketi ileile mbovu, na taa inaendelea kuwaka. Mteja anaambiwa hata hiyo ya pili ni mbovu, arudi dukani akabadilishiwe. Bei ya soketi ni ndogo mno ukilinganisha na alteneta. Anza na kilicho rahisi.

Nitajuaje mwenyewe kama shida ni soketi?

Dalili kubwa ni taa ya betri inayowaka na kuzima bila mpangilio, hasa kwenye rasta au mashimo, halafu ukiwa kwenye lami laini inatulia. Alteneta iliyokufa kabisa haina tabia hiyo, taa ikiwaka imewaka.

Washa injini uiache ingurume bila kukanyaga mafuta. Mtu mmoja akae ndani aangalie dashibodi. Wewe shika soketi kwa vidole viwili uisukume taratibu mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kunja mikono ya shati kwanza, na kama umevaa kanga au kamba ya kofia inaning'inia, iondoe, maana mkanda wa feni uko karibu na hauna huruma. Taa ikicheza kwa kufuata mkono wako, umeshapata jibu.

Mwenye mita apime kwenye vichwa vya betri. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, hakuna chaji inayofika. Ikipita 15, chaji imezidi, na hilo nalo linaweza kutokana na soketi, kama utakavyoona chini.

Ndani ya soketi kuna nyaya tatu nyembamba. Zinafanya nini?

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye alteneta ya Denso, pini ni tatu, na mara nyingi herufi zimeandikwa kwenye alteneta yenyewe au kwenye stika yake: IG, S na L.

IG huleta umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Ukifungua swichi, regyuleta (kidhibiti cha chaji) iliyo ndani ya alteneta inaamshwa na kuanza kupeleka umeme kwenye rota, sehemu ya ndani inayozunguka, ili iwe sumaku. Usipofika umeme huo, rota inazunguka bure.

S hutoka kwenye betri kupitia fyuzi, na una umeme muda wote, hata swichi ikiwa imefungwa. Kazi yake ni kuiambia regyuleta betri ina volti ngapi hasa. Ukikatika, alteneta nyingi za aina hii huendelea kuchaji kwa kukisia kutoka kwenye nati ya B, ile ya alteneta yenyewe inayotolea chaji, lakini taa ya dashibodi huwaka kukuonya.

L huenda kwenye taa ya betri ya dashibodi. Alteneta isipochaji, regyuleta inaushikisha waya huo na ethi (upande hasi, yaani bodi na injini), taa inawaka. Ikichaji, inauachia.

Nissan nyingi za umri huo zina pini mbili tu, S na L. Hapo L una kazi ya ziada: umeme unaopita kwenye taa ya dashibodi ndio unaoiamsha alteneta. Ndiyo maana balbu ya betri ikiungua kwenye gari la namna hiyo, alteneta inaweza kugoma kuchaji mpaka ukanyage mafuta sana, au isichaji kabisa. Watu wameng'oa alteneta kwa sababu ya balbu.

Kuhusu rangi za nyaya, usimwamini anayekwambia "wa njano siku zote ni L". Rangi hubadilika kati ya modeli na modeli, na gari lililopita mikono ya mafundi wanne lina rangi zake. Fuata herufi na nafasi ya pini.

Sina mita. Naweza kupima kwa taa ya kawaida?

Unaweza, na kwa kazi hii taa wakati mwingine ni bora kuliko mita. Waya uliooza ndani na kubaki na nyuzi mbili tatu utaisomesha mita volti 12 safi, kwa kuwa mita haivuti umeme wowote wa maana. Taa inavuta. Ukiwa umeoza, taa itawaka hafifu kama kibatari, na mchawi atakuwa ameonekana.

Chukua balbu ndogo ya volti 12, ile ya wati 5 ya taa za pembeni, uifunge nyaya mbili. Waya mmoja ubane kwenye ethi safi ya injini. Chomoa soketi ya alteneta, injini ikiwa imezimwa. Gusa S: iwake vizuri hata swichi ikiwa imefungwa. Fungua swichi bila kuwasha injini, gusa IG: iwake vizuri. Sasa gusa L, swichi ikiwa wazi: taa ya betri kwenye dashibodi ndiyo inayotakiwa kuwaka, na balbu yako inaweza kuwaka kidogo au isiwake kabisa.

Angalia jambo moja kabla hujagusa L. Soketi ikiwa nje na swichi wazi, kwenye magari mengi ya zamani taa ya betri ya dashibodi inatakiwa iwe imezimika. Ikiwa bado inawaka, basi waya wa L umechunika mahali na unagusa bodi. Fuata waya huo kabla hujalaumu kitu kingine.

Zote tatu zikiwa nzima, rudisha soketi, fungua swichi tena bila kuwasha injini, kisha sogeza ncha ya spana karibu na beringi ya nyuma ya alteneta. Rota ikiwa imeamshwa, utahisi spana inavutwa. Kwenye nyingine kwa nguvu, kwenye nyingine kidogo tu. Ikivutwa, soketi imepeleka ujumbe na regyuleta imeitika.

Mafundi wengi hutoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma. Gari lisipozima wanasema alteneta nzima. Ni kipimo halali?

Hapana, na ukimwona mtu anataka kukifanya kwenye gari lako, mzuie.

Betri ni kama godoro kwa alteneta inayosukuma amperi nyingi. Ukiiondoa ghafla, umeme uliokuwa unaingia humo unakosa pa kwenda, na volti zinaruka juu kwa kufumba na kufumbua, mara kadhaa zaidi ya 14. Daiodi za alteneta, regyuleta, redio, na kompyuta ya injini kwa magari ya EFI (yanayopuliza mafuta kwa kompyuta) zote ziko kwenye njia hiyo. Kwenye pikapu ya zamani ya dizeli isiyo na kompyuta mara nyingi hakuna kilichoharibika, na kutoka hapo mtindo ukaenea kwa magari yote. Siku kompyuta ikiungua, hakuna anayehusisha na kile kipimo.

Tena hata jibu lake halisaidii. Gari kutozima kunaonyesha tu kwamba kuna umeme kiasi fulani. Hakukwambii kama ni volti 13 au 16, na wala hakukwambii lolote kuhusu soketi.

Soketi naipata wapi, na nichague vipi?

Kuna za dukani, mpya, ambazo nyingi huja na mkia wa nyaya. Kuna za kukata kutoka kwenye gari bovu. Za kukata kutoka gari lenyewe la Kijapani mara nyingi zina taminali (vyuma vya ndani vinavyoshika pini) nzuri kuliko mpya za bei rahisi, ila plastiki yake nayo imezeeka, kwa hiyo ikunje ulimi taratibu kwa kidole kabla hujalipa. Ukikatika mkononi, ungekatika na kwenye gari.

Ukimkuta anayekata, mwombe aache mkia wa sentimita 15 hadi 20. Wengi hukata karibu na soketi kabisa, halafu unakosa pa kuungia.

Usiseme tu "nataka soketi ya alteneta ya Corolla". Corolla moja ina soketi ya duara iliyobonyea, pini zikiwa pembetatu. Nyingine ina ya bapa, pini zikiwa mstari mmoja, tatu au nne. Piga picha sehemu ya kuchomekea ya alteneta na ya soketi, hesabu pini, angalia ulimi uko juu au pembeni. Ikikosekana Tabora au Kigoma, picha hiyo ndiyo utakayomtumia mtu wa Kariakoo au Mwanza akupakilie kwenye basi. Soketi isiyo yake huingia nusu, na nusu ndiyo inayounguza.

Ulimi tu ndio umekatika, nyaya nzima. Lazima ninunue?

Si lazima leo. Kama taminali za ndani bado zinabana pini, unaweza kuifunga soketi kwa kamba ya plastiki ya kubania nyaya, ukiizungusha nyuma ya mwili wa alteneta ili iivute soketi ndani. Hakikisha haigusi pangaboi ya kupozea wala mkanda. Kazi hiyo inaweza kudumu muda mrefu.

Lakini ichunguze kwanza. Soketi iliyocheza kwa miezi huwa imeshapanua taminali zake. Tafuta pini ya kiume yenye upana uleule, kutoka alteneta mbovu kwa mfano, uiingize kwenye kila tundu. Iingie kwa kukaza kidogo na itoke kwa kukaza. Ikidumbukia yenyewe, taminali imelegea. Unaweza kuitoa kwa kubonyeza kile kilimi chake cha chuma kwa sindano nyembamba kupitia mbele ya soketi, ukaivuta kwa nyuma, ukaibana kidogo sana kwa plaizi ndogo, ukainua kilimi na kuirudisha mpaka isikike "tik". Bila hiyo "tik" haijakaa, itarudi nyuma ukichomeka.

Plastiki iliyoyeyuka au taminali iliyogeuka bluu kwa joto, hiyo tupa. Chuma kilichopoteza ugumu wake hakishiki tena hata ukikibana vipi.

Nibadilishe vipi soketi nzima?

Toa kichwa hasi cha betri kwanza. Watu hupuuza kwa kuwa "ni nyaya ndogo tu", wakati sentimita chache kutoka pale iko nati ya B, ambayo imeungwa na betri moja kwa moja. Spana ikigusa nati hiyo na bodi kwa pamoja, cheche yake utaikumbuka.

Kisha kazi yote ni kuhamisha waya mmoja mmoja. Usikate zote tatu kwa pamoja. Kata wa kwanza, uuunge kwenye mkia wa soketi mpya kwenye tundu lilelile, ndipo uende wa pili. Ukifanya hivyo rangi hazina maana tena, huwezi kuchanganya. Kabla hata ya kukata, weka soketi mbili uso kwa uso na uhakikishe ulimi umeelekea upande uleule kwa zote.

Kata waya wa gari nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Ukimenya ukakuta nyeusi au kijani, rudi nyuma zaidi, hata kama ni sentimita kumi. Shaba iliyooza haishiki lehemu wala haibaniki ikadumu. Maungio yapishane, moja hapa, jingine sentimita tatu mbele, la tatu mbele zaidi. Yakikaa sambamba unapata donge nene, na siku mpira ukichanika nyaya zinagusana.

Ingiza mpira wa kusinyaa kwenye waya kabla ya kuunga. Linaonekana jambo la kitoto, ila kila fundi ameshawahi kumaliza muungo safi halafu akakuta mpira umebaki mezani. Ukimaliza, upashe moto wa kiberiti cha gesi kwa mbali, ukizungusha, mpaka ushike. Utepe mweusi peke yake kwenye joto la injini hutoa gundi na kufunguka.

Mwisho ni mpangilio. Injini hucheza juu ya mauntingi zake, hasa ukipiga stata na ukizima, na bodi haichezi nayo. Acha waya ulegee kidogo, upinde chini kabla ya kupanda kwenye soketi ili maji yadondokee chini ya kona hiyo badala ya kufuata waya hadi ndani. Funga mkia kwenye bano la injini, mbali na egzosti.

Kulehemu au kubana kwa koleo?

Kubana, kama una koleo la kubania taminali lenyewe na vibano vya saizi ya waya. Kiwandani nyaya za gari hubanwa. Lehemu ikiingia kwenye nyuzi za waya hupanda ndani ya mpira na kuifanya sehemu hiyo iwe ngumu, na mtikisiko hukata pale ugumu unapoishia. Mteja anakwambia "uliunga vibaya" huku muungo wenyewe ni mzima, waya umekatika sentimita moja pembeni.

Kubana kwa meno au plaizi ya kawaida si kubana. Kati ya hilo na lehemu nzuri, bora lehemu, mradi uufunge waya pande zote mbili za muungo usitikisike. Tumia risasi ya vifaa vya umeme yenye dawa yake ndani. Dawa ya asidi ya kulehemu mabati na marejeta itakula shaba taratibu, na utaona kijani baada ya masika moja.

Naweza kutumia waya wa nyumba? Ni shaba nzuri na nene.

Ni shaba nzuri, ila ni uzi mmoja mgumu. Nyumba haitikisiki. Kwenye gari waya huo utakatika kwa uchovu, na mara nyingi hukatika ndani ya mpira pasipoonekana. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi. Kwa IG, S na L, milimita za mraba 0.85 hadi 1.25 zinatosha. Waya wa spika nao uache kwenye spika.

Nimeambiwa nizibe soketi kwa nta ya nyuki isiingie maji. Nta huku si ya kutafuta.

Mkoa wa asali hauwezi kukosa ushauri huo. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na nyuma ya alteneta inayofanya kazi joto hupita hapo kila siku. Itayeyuka, itaingia kati ya pini na taminali, na gari likipoa itaganda humo. Gundi ya moto ya bunduki ina ugonjwa huohuo.

Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira wa kuzuia maji wa soketi na ukingoni, basi. Kama mpira huo haupo, tafuta soketi yenye nao.

Nikikosea nikabadilisha S na L?

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote kwenye soketi hii. S una umeme wa betri moja kwa moja. Ukiupeleka kwenye pini ya L, regyuleta inaposhikisha pini hiyo na ethi, hakuna tena balbu ya kupunguza makali. Kinachoungua ni fyuzi ukiwa na bahati, au regyuleta usipokuwa nayo. Wakati huohuo pini ya S inasomeshwa waya wa taa, kwa hiyo regyuleta haijui betri ina kiasi gani na inaweza kuchaji kupita kiasi. Betri ikianza kunuka yai viza na kuchemka baada ya ukarabati wa soketi, zima gari, anzia hapo.

Fundi ameunga IG dairekti kwenye betri, na sasa inachaji. Kuna ubaya?

Upo. Regyuleta inabaki macho usiku kucha ikilisha rota, na asubuhi betri haina nguvu ya kupiga stata. Halafu unaambiwa betri imekufa, na unanunua nayo. IG lazima upite kwenye swichi. Kama umeme haufiki, angalia kwanza fyuzi za ndani. Mara nyingi ni fyuzi moja inayolisha na vitu vingine, kama saa za dashibodi, na ukijua kingine kilichozima pamoja nayo utaipata haraka.

Kuunga S kwenye nati ya B ya alteneta hakuna madhara hayo. Ukiweka fyuzi ndogo katikati, utatembea nayo vizuri. Unapoteza tu usahihi, kwa kuwa regyuleta haisomi tena volti za kwenye betri yenyewe.

Soketi ndogo ni nzima, waya mnene wa nati ndio umeungua. Ni tatizo lilelile?

Ni jirani yake, lakini chanzo ni tofauti. Nyaya za soketi, kwa alteneta nyingi za Kijapani, hubeba umeme mdogo. Waya wa B hubeba chaji yote, amperi 60, 70 au zaidi. Nati ikilegea hata robo ya mzunguko, sehemu ya mguso inageuka jiko. Kifuniko cha mpira kinayeyuka, kichwa cha waya kinakuwa cheusi, na joto linahamia kwenye soketi iliyo pembeni. Ukikuta soketi imeyeyuka upande mmoja tu, ule unaotazama nati, soketi haina kosa.

Kipimo chake hakiwadanganyi watu: injini inaunguruma kwa kasi ya wastani, washa taa kubwa na feni ya ndani. Weka waya mwekundu wa mita kwenye nati ya B na mweusi kwenye nguzo chanya ya betri. Ukisoma hadi volti 0.2 au 0.3, sawa. Ukisoma 0.5 na kupanda, kuna mahali umeme unapotelea kama joto: nati, kichwa cha waya, au fyuzi kubwa ya alteneta. Rudia kwa upande wa ethi, kutoka mwili wa alteneta hadi nguzo hasi. Hapo isizidi 0.2. Ethi mbovu ya injini hufanana kwa kila dalili na alteneta dhaifu.

Nimeweka soketi mpya, nayo imeungua. Kwa nini?

Kwa kuwa nyaya zake hubeba umeme mdogo, soketi ya kawaida huvunjika, huoza au hulegea. Kuungua ni habari nyingine. Chunguza kama kuna mtu alichukua umeme wa alamu, redio au taa za nyongeza kutoka kwenye IG. Angalia kinga ya joto ya egzosti kama bado ipo, maana fundi wa egzosti akiitoa harudishi. Tazama nati ya B. Na ziangalie pini za alteneta yenyewe: zikiwa nyeusi au zimeliwa, kila soketi mpya utakayochomeka itaungua juu yake. Zisugue kwa msasa laini mpaka zing'ae. Zikicheza kwenye plastiki yake, regyuleta ndiyo ya kubadilisha, si alteneta nzima.

Gari langu hubeba chumvi kutoka Uvinza. Inahusika?

Sana. Vumbi la chumvi likikutana na unyevu linakula shaba kwa kasi, na soketi isiyo na mpira wa kuzuia maji haina ulinzi. Sukuma vumbi kwa upepo wa kompresa kabla ya kuosha, halafu suuza kwa maji kidogo yasiyo na shinikizo, injini ikiwa imepoa na kichwa hasi kimetolewa. Mashine ya kuoshea yenye nguvu isielekezwe kwenye alteneta kabisa. Vumbi la kawaida la kiangazi la Tabora linavumilika, chumvi haivumiliki.

Hiace na Hilux za dizeli za injini ya 2L na 3L (majina ya injini, si lita) zina adha nyingine: pampu ya vakyumu, ile ya kusaidia breki, imefungwa nyuma ya alteneta na hupitisha oili ya injini. Sili ikichoka, oili inaloweka soketi na mpira wake unavimba. Badilisha sili kabla ya soketi.

Niko kati ya Kaliua na Uvinza, taa ya betri imewaka na hakuna fundi. Nifanyeje?

Usizime injini kwa kukimbilia. Zima AC, redio, feni ya ndani, chaja ya simu, na taa kama ni mchana. Simama mahali salama, fungua boneti na angalia mkanda kwanza: ukiwa umekatika na ndio unaozungusha pampu ya maji, zima mara moja, safari imeishia hapo. Mkanda ukiwepo, zima sasa kwa hiari yako kama betri ina nguvu, sukuma soketi ya alteneta mpaka mwisho, uifunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mbali na mkanda na egzosti. Washa. Mara nyingi taa inazima hapohapo.

Isipozima, gari la petroli la EFI lenye betri nzima ya Ah 50 linaweza kukutembeza mchana kwa saa moja au zaidi kabla halijaanza kukatakata. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida itaenda mbali zaidi, kwa kuwa ikishawaka haihitaji umeme mwingi. Ila usiizime njiani.

Ukifika na soketi ikatengenezwa, betri iliyokauka ipelekwe kwenye chaja ya ukutani kwanza. Ukiiachia alteneta ijaze betri tupu, itafanya kazi kwa nguvu zake zote muda mrefu, na joto hilo lote litaishia kwenye soketi mpya uliyotoka kuifunga.